Wasomaji Wauliza: Utafiti wa Kimaelezo si Kimbilio la Wanaoogopa Hesabu

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watume maswali kuhusu mbinu za utafiti wa kimaelezo katika sosholojia, yaani utafiti unaofanya kazi na maneno, matendo na maandishi ya watu badala ya tarakimu. Barua nyingi zimetoka kwa wanafunzi wanaoandaa tasnifu, na chache kwa watu walioajiriwa kwenye miradi ya utafiti wakakabidhiwa kinasa sauti bila kufundishwa kazi yenyewe. Tumechagua zinazogusa mambo yanayowasumbua wengi, na baadhi tumezifupisha.

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu. Nimeandika kwamba nitatumia usaili kuchunguza athari za ukosefu wa ajira katika kuongezeka kwa talaka. Msimamizi amelirudisha andiko langu akisema swali na mbinu haviendani, na wenzangu wananicheka kwamba nimekimbia hesabu. Nimekosea wapi?

Marahaba. Msimamizi wako ana hoja. Ukitaka kujua iwapo ukosefu wa ajira huongeza talaka, na kwa kiasi gani, umeuliza swali la ukubwa wa uhusiano kati ya mambo mawili, na swali la namna hiyo hudai sampuli kubwa, takwimu na ulinganisho wa makundi. Wanandoa 15 utakaozungumza nao, hata wakikueleza yote yaliyo moyoni, hawawezi kukupa jibu hilo. Wanachoweza kukueleza, na ambacho hakuna jedwali litakalokionyesha, ni jinsi mambo yanavyokwenda ndani ya nyumba mshahara unapokatika: nani anaanza kuamua matumizi, maneno gani yanaacha kusemwa, ni lini mtu anaanza kujiona mgeni kwake mwenyewe, na wawili hao wanafikaje mahali pa kukubaliana, au kutokubaliana, kwamba ndoa imekwisha. Kwa hiyo usibadili mbinu, badili swali. Uliza, kwa mfano, watu waliotengana baada ya mmoja wao kupoteza kazi wanaielezaje njia iliyowafikisha kwenye kutengana. Hapo usaili utakuwa na kazi ya kufanya.

Uhusiano kati ya mikabala hii miwili, wa takwimu na wa kimaelezo, unaonekana vizuri katika mada moja ya zamani. Mwaka 1897 mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim alilinganisha viwango vya kujiua katika nchi na madhehebu mbalimbali ya Ulaya, akaonyesha kwamba tendo tunalolidhani kuwa la mtu binafsi kabisa hufuata mpangilio wa kijamii. Kazi ile ilisimama juu ya takwimu, na bila takwimu isingewezekana. Miaka 70 baadaye, mwaka 1967, Mmarekani Jack Douglas aliuliza takwimu hizo zilitoka wapi. Kila kifo kilichoandikwa kuwa ni cha kujiua kilipita kwanza mikononi mwa ofisa fulani aliyesikiliza ndugu, akatazama mazingira ya tukio, akatafuta dalili za nia ya marehemu, kisha akaamua aandike nini. Mahali ambapo familia ina sababu kubwa ya kuficha, na ofisa ana sababu ya kuihurumia, idadi hushuka bila vifo kupungua. Anayetaka kujua maamuzi hayo yanavyofanywa hana budi kukaa na wanaoyafanya, na hapo ndipo utafiti wa kimaelezo unapoingia. Mwanasosholojia Mjerumani Max Weber alikuwa ameshasisitiza mapema katika karne ya 20 kwamba kulieleza tendo la kijamii ni pamoja na kuielewa maana ambayo mtendaji mwenyewe anaipa.

Kuhusu wanaokucheka, waalike siku utakapokuwa na kurasa 400 za mahojiano mezani na huna fomula ya kuzipitisha.

Kamati inayopitisha mapendekezo ya utafiti chuoni inataka idadi kamili ya watafitiwa kabla sijaenda uwandani. Niandike wangapi?

Andika makadirio na ueleze sababu zake. Katika utafiti huu watu hawachaguliwi ili wawakilishe umma kwa uwiano. Huteuliwa kwa makusudi, kwa sababu wamepitia jambo unalolichunguza, kisha unaendelea kuongeza wengine hadi mahojiano mapya yanapoacha kukuletea jambo usilolijua. Kikomo hicho hakijulikani kabla ya kuanza, na kamati inayojua kazi yake haitashangaa ukiliandika hilo waziwazi.

Kuna tarakimu moja ambayo wanafunzi huitaja sana. Mwaka 2006 Greg Guest, Arwen Bunce na Laura Johnson walirudia kuchambua mahojiano 60 waliyofanya na wanawake wa Ghana na Nigeria, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya mawazo muhimu ilikuwa imejitokeza ndani ya mahojiano 12 ya kwanza. Tangu hapo namba 12 imegeuzwa kuwa kama sheria, ingawa waandishi wenyewe walionya kwamba watafitiwa wao walifanana kwa mambo mengi na swali lao lilikuwa finyu. Ukichunguza kundi lenye watu wa namna tofauti, au jambo ambalo kila mtu analipitia kwa njia yake, 12 hawatoshi. Ukichunguza historia ya maisha ya mtu mmoja kwa kina, huenda mmoja akatosha.

Ninafanya usaili na watu waliopoteza kazi. Nimeandaa maswali 25 mazuri, lakini ninajibiwa "ndiyo", "hapana" na "kawaida tu". Usaili wa saa moja unaisha kwa dakika 15. Nifanyeje?

Nimeusoma mwongozo ulioambatisha. Swali la nne linasema: "Je, kupoteza kazi kulikuathiri kisaikolojia na kijamii?" Hilo ni swali lako la utafiti, na umemtwika mtafitiwa alijibu kwa niaba yako. Yeye hajawahi kuyaishi maisha yake kwa kuyagawa katika mafungu ya kisaikolojia na kijamii. Ameishi asubuhi, jioni, ugomvi, simu zisizopigwa. Akikujibu "ndiyo, sana," amekujibu kwa ukamilifu kabisa, na huna la kuandika.

Jaribu hivi: "Nieleze siku ya kwanza ambayo hukwenda kazini, kuanzia ulipoamka." Tuseme anajibu: "Niliamka saa ile ile. Nikaoga, nikavaa, nikatoka. Majirani walishazoea kuniona napita. Nikaenda kukaa stendi mpaka jioni." Sentensi hizo fupi zina mambo ambayo maswali yako 25 yasingeyafikia, na sasa unajua pa kuuliza tena: alivaa nguo zipi, alichagua vipi pa kukaa, nyumbani nani alijua, aliendelea hivyo hadi lini, na siku aliyoacha kutoka ilikuwaje. Maswali haya ya kufuatilia hayaandikwi kwenye mwongozo kwa sababu yanazaliwa na jibu. Mwongozo wenye maswali mapana sita au saba unatosha, na nafasi inayobaki ni ya kusikiliza.

Punguza pia maswali ya "kwa nini". Howard Becker, mmoja wa wanasosholojia waliowafundisha wengi kazi hii, alieleza kwamba mtu akiulizwa kwa nini alifanya jambo hujiona anatakiwa kujitetea, hivyo hutoa sababu fupi inayokubalika. Akiulizwa ilikuwaje, husimulia, na ndani ya masimulizi sababu hujitokeza zenyewe pamoja na mambo asiyojua kwamba ni sababu. Ushauri wa namna hiyo mtafiti William Foote Whyte aliupata kwa mwenyeji wake alipokuwa akiishi katika mtaa wa wahamiaji wa Kiitaliano mjini Boston mwishoni mwa miaka ya 1930. Alikuwa ameuliza swali la moja kwa moja kuhusu biashara ya kamari, mazungumzo yakakatika. Kesho yake mwenyeji wake, ambaye katika kitabu cha mwaka 1943 alimwita Doc, alimwambia apunguze maswali: watu wakishamkubali, atakaa nao tu, na majibu atayapata kwa kadiri siku zinavyokwenda bila hata kuuliza.

Jambo la mwisho, na gumu kuliko yote kwa msaili mgeni, ni kunyamaza. Mtu akimaliza sentensi, hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla ya kusema lolote. Mara nyingi atakachosema kuijaza ile nafasi ndicho ulichokifuata.

Ni lazima kurekodi sauti?

Si lazima, ila ukirekodi omba ridhaa kwanza na umwonyeshe mtu pa kukizimia kifaa. Akikataa, andika kwa mkono, na kabla ya siku kuisha kaa uyajaze yale uliyoyafupisha, kwa maana kumbukumbu ya usiku mmoja inatosha kulainisha maneno makali. Panga muda wa unukuzi pia: saa moja ya sauti hula kirahisi saa 4 hadi 6 za kuandika, na zaidi kama wazungumzaji ni wengi. Siku hizi wengi hupakia sauti kwenye programu za mtandaoni ziwanukulie. Kama hukumweleza mtafitiwa kwamba sauti yake itapelekwa huko, hukupata ridhaa ya kufanya hivyo.

Mradi unaoniajiri unataka majadiliano ya vikundi kwa sababu ni nafuu: watu wanane kwa mkupuo mmoja badala ya usaili mara nane. Je, matokeo ni yale yale?

La. Majadiliano ya kikundi hukuonyesha namna watu wanavyozungumzia jambo mbele ya wenzao: nini kinakubalika kusemwa, nani anapingwa, wapi kicheko kinatokea, ni hoja ipi inazima mjadala. Robert Merton na wenzake walipoikuza mbinu hii katika miaka ya 1940, wakichunguza jinsi wasikilizaji walivyopokea vipindi vya redio na ujumbe wa propaganda za wakati wa vita, lengo lao halikuwa kuokoa fedha. Kama mradi wako unataka kujua watu hubishanaje kuhusu jambo fulani, kikundi ndicho mahali pake. Kama unataka kujua nani ana deni, nani alipigwa, au nani alidanganya kazini, usitegemee mtu akuambie hayo mbele ya majirani saba. Na hata akisema, huwezi kuwahakikishia usiri wake, kwa sababu waliosikia ni wengi na si wewe unayewatawala watokapo mlangoni.

Je, ninaweza kuandika tasnifu ya kimaelezo bila kumhoji mtu yeyote?

Ndiyo. Barua, shajara, kumbukumbu za vikao, magazeti na picha zote ni data. Kati ya mwaka 1918 na 1920 William Thomas na Florian Znaniecki walichapisha utafiti wao mkubwa kuhusu wakulima wa Poland waliohamia Marekani, na sehemu kubwa ya data yao ilikuwa barua za familia zilizovuka bahari, pamoja na historia ndefu ya maisha iliyoandikwa na mhamiaji mmoja kwa mkono wake. Faida ya maandishi ni kwamba hayakuandikwa ili kukuridhisha wewe. Hasara yake ni kwamba huwezi kuyauliza swali la pili, na yaliyohifadhiwa hayakuhifadhiwa kwa bahati nasibu. Jiulize nani aliyaweka na nani alikuwa na sababu ya kuyachoma.

Nimemaliza mahojiano 22 na nina mamia ya kurasa. Nimezipanga chini ya vichwa vinavyotokana na maswali yangu: athari za kiuchumi, athari za kijamii, athari za kisaikolojia. Msimamizi anasema huu si uchambuzi. Uchambuzi ni nini basi?

Ulichofanya ni kupanga faili. Ni hatua ya lazima, na wengi huishia hapo. Kasoro yake ni kwamba vichwa hivyo ulikuwa navyo kabla hujaenda uwandani, kwa hiyo data haikupata nafasi ya kukufundisha chochote.

Turudi kwa yule mtu wa stendi niliyemtumia kama mfano. Ukimweka chini ya "athari za kisaikolojia", amekwisha. Sasa soma kauli yake mstari kwa mstari na kila kipande ukipe lebo fupi inayosema kinachotendeka: kushika ratiba ya zamani, kuvaa kama aendaye kazini, kuchunga macho ya majirani, kumaliza siku mbali na nyumbani. Lebo zimeanza na vitendo, na hilo ni makusudi, kwa sababu linakuzuia kuruka haraka kwenye nadharia. Sasa ziweke karibu uone zinasemezana nini. Mtu huyu hajapoteza mshahara tu. Anafanya kazi kubwa, ya kila siku, ya kuendelea kuonekana mfanyakazi. Hilo ni wazo, na sasa unalipeleka kwa mahojiano mengine 21: nani mwingine anafanya kazi hiyo, anaifanya mbele ya nani, inamgharimu nini, anaiacha lini?

Kisha mtafute asiyeingia. Tuseme kuna mama mmoja aliyewatangazia jirani zake siku ile ile kwamba ameachishwa. Mtafiti mvivu humweka kando kama tukio la pekee. Wewe msome yeye kwanza. Huenda waliachishwa kiwanda kizima, hivyo hapakuwa na aibu ya mtu mmoja. Huenda jirani zake ndio waliokuwa wakimpatia vibarua, hivyo kuficha kungemnyima riziki. Vyovyote itakavyokuwa, sasa wazo lako limepata masharti yake: watu huficha pale ambapo kupoteza kazi kunasomwa kama kasoro ya mtu binafsi na ambapo kujulikana hakuwaletei msaada. Hiyo ndiyo sentensi inayostahili kuwa sura ya tasnifu, na ona kwamba imetoka kwenye ulinganisho.

Barney Glaser na Anselm Strauss waliueleza utaratibu huu mwaka 1967, baada ya kuchunguza katika hospitali za eneo la San Francisco jinsi wauguzi, madaktari na jamaa wanavyohusiana na mgonjwa anayekaribia kufa, na hasa nani anajua kwamba mgonjwa anakufa na nani anajifanya hajui. Walisisitiza kulinganisha bila kukoma, na kukusanya data na kuichambua kwa pamoja, si moja baada ya nyingine. Hapo ndipo panapowaumiza wanafunzi wengi: wanakusanya yote, wanarudi, wanasoma, wanagundua swali walilopaswa kumuuliza mtu wa tatu, na nauli imekwisha. Baada ya kila usaili andika ukurasa mmoja wa mawazo yako kabla ya kuingia kwenye unaofuata. Programu kama NVivo na ATLAS.ti zitakusaidia kuhifadhi lebo na kuzipata upesi. Hazitakuambia kwamba kutembea mpaka stendi ni kazi.

Mtahini ameniambia kwamba nimeona nilichotaka kuona. Nimjibuje?

Mwonyeshe njia uliyopita. Yvonna Lincoln na Egon Guba walipendekeza mwaka 1985 kwamba utafiti wa aina hii upimwe kwa vigezo vyake, navyo ni iwapo maelezo yanaaminika kwa wanaolijua jambo lenyewe, iwapo msomaji amepewa picha ya kutosha kuamua kama yanafaa kwingineko, iwapo taratibu zinaweza kufuatiliwa, na iwapo hitimisho linarudi kwenye data na si kwenye matamanio ya mtafiti. Kwa vitendo, hii inamaanisha daftari lako la uwandani liwe na tarehe, lebo zako ziwe na historia ya mabadiliko, na nukuu zako zisitoke kwa wasemaji wawili hodari tu. Zaidi ya yote, eleza ulikuwa nani machoni pa watu wale. Msaili kijana aliyetumwa na chuo husikia mambo tofauti na mzee aliyewahi kuachishwa kazi, na wote wawili husikia mambo ya kweli. Aya mbili zinazosema hayo kwa uwazi humtuliza mtahini kuliko kurasa kumi za kudai kwamba hukuwa na upande.

Swali langu ni la maadili. Nataka kuchunguza mahali pa kazi ambapo watu wakijua wanachunguzwa watabadilika. Je, naweza kujiunga kama mfanyakazi na nisiwaambie?

Kwa tasnifu ya mwanafunzi, jibu langu ni hapana, na kamati nyingi za maadili zitakwambia hivyo hivyo. Mfano unaotajwa darasani ni wa Laud Humphreys, ambaye katika miaka ya 1960 huko Marekani alijifanya mlinzi wa wanaume waliokutana kwa siri kwa ajili ya ngono kwenye vyoo vya bustani za umma, akaandika namba za magari yao, akapata anwani zao kupitia namba hizo, na baadaye akawatembelea majumbani akijidai anafanya utafiti wa afya. Kitabu chake cha mwaka 1970 kilivunja dhana potofu nyingi kuhusu wanaume hao, wengi wao wakiwa na wake. Lakini orodha ile ya majina ingeangukia mikono mibaya, ingewapotezea watu kazi, familia na uhuru wao, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama yuko tayari kuibeba hatari hiyo.

Hata hivyo hofu yako kwamba watu watabadilika ni kubwa kuliko hali halisi. Erving Goffman alipofanya uchunguzi wake katika hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili mjini Washington katikati ya miaka ya 1950, wakuu wa hospitali walijua yeye ni nani, na kwa wengine alipita kama msaidizi wa mkuu wa michezo. Jambo hilo la pili lingejadiliwa sana leo, lakini somo la muda aliokaa linabaki: watu wenye kazi za kufanya hawawezi kuigiza mbele yako kwa miezi. Wiki ya kwanza wataigiza, kisha simu zitalia, msimamizi atafoka, na watarudi kwenye shughuli zao.

Waambie, basi, na uombe ridhaa zaidi ya mara moja, maana aliyekubali siku ya kwanza alikubali bila kujua utakuwepo siku ya ugomvi. Na usidhani kubadili majina kunatosha. Mahali penye watu 30, ukiandika "mhasibu wa kike anayekaribia kustaafu", kila mmoja pale anamjua. Badilisha au ondoa kila kisichohitajika na hoja yako, na pale ambapo maelezo yenyewe ndiyo hoja, mpelekee mhusika ukurasa huo ausome kabla hujaukabidhi chuoni. Akisema uondolewe, uondoe.